Jina la Kanga ya Bi Mwanasha

Bi Mwanasha amekufa. Habari nilizipata kwa muuza mboga pale Ukunda, mwanamke asiyejua kwamba nilimfahamu marehemu. Alikuwa akieleza tu kwa nini kesho yake hatafungua genge: kuna maziko Msambweni, Bi Mwanasha, shangazi ya jirani yao, bibi mzee wa mikono. Alisema hivyo, "wa mikono," akavikunja vidole vyake ndani ili nielewe. Nilichukua mchicha wangu, nikasahau nyanya, nikarudi nyumbani nikaketi kitandani na buibui mwilini. Wajukuu wakaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, maana ndiyo njia fupi ya kuachwa peke yako. Mazikoni sikwenda. Nilikwenda siku ya hitima, nikakaa nyuma kabisa, nikaitikia dua, nikala wali, nikaondoka kabla mtu hajaniuliza mimi ni nani kwake.

Ningeulizwa ningesema nini? Nilikuwa mshonaji wake, mwaka mmoja tu, mwaka ule wa uhuru, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na ulimi mrefu. Habari za wazazi wangu na ukoo wangu nitaziacha. Walikuwepo, walinilea vizuri, wala hawana sehemu katika haya. Haya niliyafanya peke yangu, kwa mkasi wangu mwenyewe.

Palikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma, ndani kidogo kutoka barabara ya Msambweni, baina ya minazi na mikorosho. Watu wa kwetu hawakuyataja maradhi yale kwa jina. Walisema "maradhi makubwa," na wengine wakitema mate baada ya kusema. Wengi wa wale waliokuwa kambini walikuwa wamekwisha kupona. Vidonge viliwaponya, daktari akawaandikia vyeti, lakini vidole havikurudi, na ganzi haikutoka, na jamaa zao wengi nao hawakuja. Mimi niliajiriwa chumba cha cherehani. Zamani kilikuwa ghala la mahindi, na harufu ya magunia ilikuwemo mpaka siku niliyoondoka. Kilikuwa na meza ndefu iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, majora ya kitambaa cheupe cha marekani ndani ya kabati lisilofunga, na cherehani mbili za miguu, moja nzima na moja ya kuombewa dua. Dirisha lilikuwa moja, halina kioo, na nje yake baraza ambako wanawake walikaa tangu uji wa asubuhi mpaka adhuhuri. Kila walichokisema kilinifikia mezani. Mwaka ule walizungumza uhuru. Mejumaa, mwanamke wa Lungalunga mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alitaka kujua kama uhuru ukija na wao watafunguliwa. "Sisi hatukufungwa," mwenzake akamjibu. "Basi mbona hatwendi?" akauliza Mejumaa, na baraza zima likacheka, nami nikacheka ndani huku nikikanyaga cherehani. Leo nikilikumbuka swali lile sioni kilichotuchekesha.

Mkubwa wangu alikuwa Mama Ester, mjane wa Rabai, Mkristo wa kanisa la asubuhi na jioni, mnene, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha ushonaji kimekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Hakukitazama. Alichukua bendeji akanifunga vidole vyote vya mikono miwili, ngumi mbili nyeupe, kisha akanitupia gauni lenye vifungo saba mgongoni. "Vaa," akasema, akaendelea na kazi yake. Nilihangaika mpaka adhana ya adhuhuri. Nililivuta kwa meno, nikaliinua kwa viwiko, nikavunja kifungo, nikalia. Aliponifungua bendeji alisema, "Wewe vidole vyako vimo humo ndani, na saa sita tu umelia. Sasa kaa ushone." Hilo ndilo somo lote alilonipa. Mengine niliyaona kwa macho: kwamba pini ni adui, maana mwenye ganzi akichomwa hajui mpaka kidonda kioze, kwamba mkanda wa kubana kiunoni unachubua ngozi isiyosikia, kwamba mkono mpana unaingia kwenye moto wa jiko, na mkono mwembamba haupiti kwenye ngumi iliyokauka.

Tulishona vitu ambavyo havikuwa na majina. Mzee mmoja wa Kikoneni alikuwa akivuliwa na kuvalishwa kikoi na vijana wa umri wa wajukuu wake, akifumba macho mpaka wamalize. Tukamtilia kitanzi kipana upande mmoja na kijiti kinene cha mkoko upande wa pili, akawa anapitisha kijiti kwenye kitanzi kwa kifundo cha mkono. Alikiita "kikoi chenye sikio," na mwezi ule wanaume wote wakataka sikio. Kwa wasioweza kuinuka kitandani tulikata kanzu iliyofunguka ubavuni kote, ili mtu ageuzwe mara moja tu badala ya mara nne. Ninapolazwa hospitali siku hizi na kupewa yale magauni yaliyo wazi nyuma, mtu mzima natembea ukumbini nimeshika makalio, huwa namkumbuka Mama Ester na kuona kwamba dunia imerudi nyuma. Yeye alisema nguo ya mgonjwa kwanza imsitiri, kisha ndiyo imrahisishie muuguzi. Nami niliipenda kazi ile, na niliipenda zaidi kwa kuwa nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari. Hili la mwisho ndilo lililoniponza.

Bi Mwanasha alikuwa na miaka kama ishirini na sita wakati ule. Alikuwa mzuri wa uso. Maradhi yaliuacha uso yakaichukua mikono yote miwili, kimebaki kidole gumba kimoja cha kushoto, nacho nusu. Alikuwa akijipikia nyuma ya bweni, hakupenda chakula cha jiko kuu, alisema wali wao ni wa kulishia kuku. Sufuria aliishika kwa vitambaa viwili nilivyomshonea, vinene, vyenye mfuko wa kuingiza mkono. Wiki yangu ya pili aliniona nikipita saa ya chakula akaniambia karibu. Nikasema nimeshiba. "Umeshiba tangu lini, mdogo wangu, na tumbo lako nalisikia toka huku?" Nikaketi. Ulikuwa wali wa nazi na kisamvu, na kipande cha papa mkavu, na mpaka leo sijala kisamvu kilichokolea vile. Nilikula kwa woga, nikasema alhamdulillahi, nikaenda nyuma ya mkorosho nikasukutua kinywa mara tatu na kutema. Nilipogeuka alikuwa amesimama na sahani, ananitazama. Kesho yake saa ile ile alinikaribisha tena. Nilikula, na sikusukutua tena, siku ile wala siku nyingine, lakini tayari alikuwa amekwisha kuniona.

Alikuwa na mume, Bakari wa Gazi, mkata boriti. Katika kambi ile mwanamke mwenye mume anayekuja alikuwa mtu wa kutazamwa. Bakari alikuja kila mwezi mara moja, Ijumaa baada ya sala, kwa miaka minne. Alikaa kwenye banda la wageni, upande wake wa kiukuta kifupi, naye Bi Mwanasha upande wake, na alileta nazi, sukari, na habari za mama yake mgonjwa wa miguu. Wanawake barazani walizijua siku zake kuliko walivyozijua zao za hedhi. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mke wake amepona na anaweza kumchukua hata kesho. Bakari hakukataa. Alisema kwake hakuna mtu wa kumvalisha: mama yake hainuki, na yeye huingia mikokoni alfajiri akatoka jioni. Nilikuwa nikitandaza nguo kwenye kamba karibu na banda siku aliyoyasema, nikamsikia vizuri. "Ukiweza kuvaa mwenyewe, Mwanasha, nitakuchukua. Nakuapia." Naye akajibu, "Nitavaa. Ijumaa ijayo njoo, usingoje mwezi."

Alikuja moja kwa moja chumba cha cherehani, asibishe hodi, na kanga mpya kwapani. Ilikuwa doti, kanga mbili za kufanana, aliyoletewa na Bakari siku ileile, ya rangi ya zambarau, pindo jeusi, na chini ya mji wake wa katikati jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Bi Mwanasha alihitimu Kurani, akisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla mikono haijaharibika, lakini herufi za kizungu hakuzijua hata moja. Bakari ndiye aliyemsomea. Mwaka ule alikuwa akihudhuria ngumbaru jioni pale Gazi, na hilo lilikuwa jina la kwanza la kanga alilolisoma mwenyewe dukani. Lilisema USINISAHAU MWENZIO. Bi Mwanasha alilitamka mbele yangu mara mbili, polepole, jinsi alivyosomewa. "Nishonee vazi ambalo nitalivaa peke yangu mbele ya macho yake," akasema. "Na jina likae mbele. Nataka alione."

Mama Ester hakuwapo. Alikwenda Rabai kwa harusi ya mpwa wake, akaniachia ufunguo. Angekuwapo angesema tufungue begani na ubavuni, jina libaki zima kifuani. Ni kazi ya siku tatu na mshono mgumu. Mimi nilikuwa na mtindo wangu, nilioubuni mwenyewe na kuuonea fahari, wa vazi linalofunguka mbele tangu shingo hadi miguu. Mtu analitupa mabegani kama anavyojitupia shuka, kisha anavuta upande mmoja juu ya mwenzake, na vitanzi vitano vipana vinaingia kwenye vijiti vitano. Kifundo cha mkono kinatosha, na pale kinaposhindwa kuna meno. Kanga moja niliifanya mgongo, jina lake likazama kwenye upindo, na ya pili, yenye jina zima zuri, nikaikata iwe mbele. Haikatwi katikati kabisa. Upande wa kushoto lazima uwe mpana zaidi, ili uulalie ule wa kulia na mwili usionekane mtu akitembea. Nikapima kwa shubiri, nikaweka chaki, nikakata. Nilipoukunja upande wa kushoto juu ya ule wa kulia nikaona USINI imekwenda chini, haionekani, na kifuani pamebaki SAHAU MWENZIO.

Nililiona. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba sikuliona. Nililisoma, nikacheka peke yangu, nikatazama kitambaa kilichobaki, hakikutosha kufanya chochote. Nilikuwa nimejivuta, na Ijumaa ya Bakari ilikuwa keshokutwa. Nikajiambia nani atasimama kusoma maneno ya kanga iliyokwisha kushonwa, na yeye mwenyewe hasomi, na mume ndiyo kwanza anajifunza. Nikaendelea kutia vitanzi. Alipokuja kulijaribu alilivaa mara ya kwanza tu, mbele yangu, akivuta kitanzi kwa kifundo, akikaza kwa meno, cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, jasho likimtoka puani. Alipomaliza alisimama amenyooka. Hakuwa amevaa mwenyewe kwa miaka minne. "Jina linaonekana?" akaniuliza. Nikamjibu, "Linaonekana, Bi."

Ijumaa ile baraza zima lilihamia upande wa banda, kila mtu na kazi ya kujisingizia. Bakari aliketi na nazi zake. Bi Mwanasha akatokea mlangoni mwa bweni na shuka ya ndani, vazi likiwa mkononi, akasimama pale pale panapoonekana, akalitupa mabegani. Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha nne kijiti kilimtoroka, akakirudia. Alipomaliza cha tano Mejumaa alipiga kigelegele, wenzake wakaitikia, naye akatembea mpaka kwenye kiukuta na kusema, "Nimevaa, Bakari." Bakari hakumtazama usoni. Alikuwa akitazama kifua chake, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Mtu anayejifunza kusoma ukubwani husoma kwa midomo. Nilijua papo hapo anasoma nini. Nilipaswa kwenda pale, ni hatua ishirini, niseme, ndugu yangu, hilo ni kosa la mkasi wangu, inua huo upande utaona neno zima. Sikwenda. Niliona haya mbele za watu, kazi yangu ndiyo kwanza imepigiwa vigelegele. Bakari akainuka, akamwekea nazi juu ya ukuta. "Nimeona," akasema. "Nitakuja." Akaenda.

Mwezi uliofuata hakuja. Wa pili hakuja. Bi Mwanasha kila Ijumaa alilivaa lile vazi tangu asubuhi, akakaa kwenye banda na kifurushi chake kimefungwa. Nilimwomba anipe nilirekebishe, nilimwambia mshono wa ubavuni umeachia. "Mpaka atakapokuja," akasema. "Alilonikuta nalo ndilo atakalonichukulia." Siku ya uhuru ilitukuta katika hali hiyo. Tulipewa chai ya maziwa na mahamri, tukapigiwa redio uwanjani, na wagonjwa wakapewa bendera ndogo za karatasi. Wasio na vidole walishindwa kuzishika. Mama Ester alikuwa amelijua hilo mapema, amekesha nazo siku mbili, kila kijiti cha bendera kina kitanzi cha kutia mkononi. Wakaimba, wakapunga. Bi Mwanasha alipunga yake huku amekaa, uso umeelekea njia ya Gazi. Yeye hakuimba.

Habari zikaja baada ya wiki chache, kwa dada yake Mejumaa aliyekuja kumwona ndugu yake. Bakari ameoa, binti wa huko Gado, harusi ndogo. Nilizisikia dirishani. Bi Mwanasha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lini?" Akajibiwa. Akauliza, "Mzuri?" Akajibiwa hapana, ambalo ndilo jibu la adabu. Tangu siku ile aliacha kujipikia. Alikula ule wali wa kulishia kuku, au hakula. Alikuja chumbani kwangu mara moja akakaa juu ya gunia, akasema, "Wewe ulikuwapo, mdogo wangu. Nilivaa sawasawa, sikuvaa?" Nikasema ulivaa sawasawa. "Basi nilimkosea nini? Alisema nikiweza kuvaa." Alinitazama akitaka jibu kweli. Hakuwa akilia. Sijapata kuulizwa swali zito zaidi ya lile, na nimezaa, nimezika, nimeachwa.

Asubuhi ya pili nilipanda lori la nazi nikashuka Gazi. Nilimkuta Bakari kwenye kiwanja cha boriti, ameketi juu ya gogo, anamenya magome kwa panga. Alikuwa mtu mwembamba, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya mikoko. "Shikamoo, kaka," nikasema. "Marahaba, dada. Karibu. Wewe ndiye uliyelishona lile vazi." Nikasema ni mimi, na nimekuja kwa ajili ya lile jina, kwamba halikuwa vile, kwamba nililikata mimi...

"Nalijua jina lile," akanikatiza. "Nililinunua mimi, nikalisoma mimi."

"Basi ulijua kwamba neno limefichika chini?"

"Mwanasha anasoma Kurani. Haya maandishi mengine kwake ni nyayo za kuku. Angeniandikia vipi kifuani? Nilijua palepale nilipokaa."

Nilikuja na toba yote niliyokuwa nayo, na sasa haina mahali pa kuishusha. Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini?

Akamenya gome jingine. "Nilimwambia akiweza kuvaa nitamchukua," akasema, "kwa kuwa nilijua hataweza. Daktari mwenyewe alisema ile mikono haitafunga kitu tena. Nikaona niendelee hivyo hivyo, nazi zangu na sukari yangu, mpaka Mungu atakapoamua. Kisha akatoka pale mlangoni amevaa." Akalitua panga. "Dada, kisimani hapa mama yangu ana ndoo yake peke yake. Nikienda harusini sahani huwa zimekwisha. Miaka minne. Siku ile nilikaa pale nikamwomba Mungu anipe neno la kusema, nikainua macho nikaliona limeandikwa."

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana, lakini wakata boriti wenzake waliacha kazi wakatazama. Yeye hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Nilipochoka akasema, "Utamwambia?"

"Kwa nini nisimwambie?"

"Mwambie nililisoma. Ukimwambia hayo mengine utammaliza. Kusoma nililisoma, si uongo."

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, jua la utosini, sikulitafuta lori. Nilikuwa na habari mbili na mtu mmoja wa kuzipokea. Ya kweli ilinisafisha mimi: mkasi wangu haukuvunja kitu, kilikuwa kimevunjika zamani. Ile nyingine ilimsafisha yeye Bakari, ikaniacha mimi mchafu. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi njiani, na naona aibu kusema kwamba niliipiga kwanza kwa upande wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilipenda kupendwa, na hakuna mtu kambini aliyenipenda zaidi ya Bi Mwanasha. Kisha nikawaza ataketi vipi miaka yote iliyobaki akijua kwamba alipotoka mlangoni pale amenyooka, amevaa, kigelegele kikilia, mumewe alikuwa akimwomba Mungu ampe njia ya kumwacha.

Nilimkuta kitandani mwake, ameuelekea ukuta. Vazi lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Nikalichukua nikaketi sakafuni, nikamwambia geuka, Bi, nikuonyeshe kitu. Nikaulaza upande mmoja juu ya mwenzake, nikampitishia kidole kwenye herufi moja moja, nikamsomea lililokuwa likionekana. Kisha nikainua upande wa juu nikamsomea lililofichwa. Nilimwambia nililiona tangu siku ya kukata na nikaogopa kupoteza kitambaa na sifa. Nilimwambia nimekwenda Gazi na Bakari amesema alilisoma. Mpaka hapo sikuongeza wala kubadilisha neno.

Alilitazama lile vazi. Kisha akainuka kwa viwiko.

"Kwa hivyo siku ile alikuja kunichukua?"

"Alikuja kukuchukua, Bi."

"Akadhani mimi ndiye simtaki."

"Ndivyo alivyodhani."

Nimeuona uso wa mwanamke aliyejifungua salama, na nimeuona wa aliyerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni. Ule wa Bi Mwanasha ulikuwa wa namna hiyo, kwa kitambo, kabla macho yake hayajanirudia mimi na kukumbuka kwamba nipo. "Toka," akaniambia. "Toka, Fatuma, na usiniletee tena mikono yako hapa." Sikujitetea. Alitimiza neno lake; mpaka nilipoacha kazi alishonewa na Mama Ester, na hakuniamkia, na baada ya hapo kila nilipotuma salamu kwa miaka yote hii hazikurudi. Nilitoka nikaufunga mlango, nikasimama kwenye baraza nikishikilia nguzo. Nyuma yangu nikamsikia akiita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile Ijumaa: "Mejumaa! We Mejumaa, njoo! Njoo usikie, wallahi, alikuwa amekuja kunichukua!"